Imeli ya ofisi yenye filta kali kupita kiasi: nyota 2 kati ya 5

Hii rivyu naiandikia watu wa biashara ndogo za huku kwetu, Kisumu, Siaya, Kakamega, Busia mpaka Nakuru, wale ambao oda zao zinakuja kwa imeli na wanafikiria kununua zile paketi za imeli zenye domeni ya kampuni yako, ile inaanza na info@ halafu jina la duka. Sisi tumetumia hii huduma kwa muda wa kutosha kuijua ndani nje. Jina la kampuni siweki, ni moja ya hizi za hosti, yaani za kuweka tovuti na imeli za watu kwa seva zao, za hapa hapa Kenya unalipa kwa M-Pesa kila mwaka, na nikiongea na wenzangu wa biashara nasikia wengine wanapata shida hiyo hiyo kwingine, kwa hivyo bora ujue ni tabia gani ya kuangalia kabla hujatoa pesa yako. Kwa kifupi seva haizimiki, bei iko sawa, vijana wa saporti wana adabu, lakini filta yao ya spamu inafungia nje watu wenye wanataka kukulipa, na inawafungia kimya kimya, wewe hujui na wao pia hawajui. Hapo ndio nyota tatu zilipoenda.

Tunauza vifaa na kemikali za maabara, duka liko mjini Kisumu, na wateja wetu wengi ni shule za sekondari, kuanzia Maseno na Luanda mpaka Bondo, Ugunja, Mumias, Homa Bay. Mwaka mzima biashara inatembea polepole halafu ikifika ule msimu wa kujiandaa kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kila mwalimu wa kemia anatafuta bureti, pipeti, asidi, potasiamu manganeti, utepe wa magnesiamu, juu karatasi ya 233/3, ile ya tatu ya kemia, ni ya praktiko na huwezi kuweka watoto kwa maabara bila vitu. Shule inatuma oda leo, inataka kwotesheni kesho, LPO, ile hati rasmi ya kununua, inafuata, mzigo unapanda matatu au pikapu. Usipojibu mwalimu hakungoji, anapigia duka lingine, na hana makosa, mtihani hauahirishwi kwa sababu ya imeli yako.

Mimi ndiye nashika oda. Nikaanza kupata simu za ajabu. Mwalimu mmoja wa upande wa Bondo, mteja wetu wa miaka, akanipigia na sauti ya mtu amekasirika akaniuliza, "Dada, kwani mlifunga duka? Nimewaandikia, nimewaandikia tena, mko kimya tu." Nikamwambia Mwalimu, hapa sijaona kitu chochote kutoka kwako. Akanitumia skrinishoti kwa WhatsApp, na kweli imeli iko pale kwa folda ya zilizotumwa, anwani yetu imeandikwa vizuri bila kukosea hata herufi, orodha ya kemikali imeambatishwa, haijarudishwa wala hajaambiwa kuna shida. Nikaangalia inboksi hakuna, nikaangalia folda ya spamu ni tupu kabisa, hata zile za kushinda bahati nasibu hazimo. Nataka ushike hilo la folda tupu manake ndio dalili yenyewe. Folda ya spamu ikiwa tupu wiki baada ya wiki na uko na anwani imeandikwa kwa tovuti, kwa bango na kwa risiti, usifurahi ati mtandao umekuwa msafi, kuna mahali zinatupwa.

Wakati huo oda ya yule mwalimu ilikuwa imeshachukuliwa na duka lingine.

Sasa venye hii kitu inafanya kazi, na nimeisoma nikaielewa manake imetugharimu. Imeli ikifika kwa seva yenu inapewa pointi. Programu inayotumika sana kwa hosti za bei yetu ni SpamAssassin, iko tangu 2001, ya bure, na yenyewe si mbaya hata kidogo. Inaangalia vitu vingi na kila kitu kina pointi zake, ikijumlisha ikafika 5, hiyo imeli inawekwa alama ya spamu. Hiyo 5 ndio kawaida ya programu kama hujagusa. Kuwekwa alama tu hakuna shida. Shida ni nini kinafanyika baada ya alama, na hapo anayeamua ni kampuni yako ya hosti, SpamAssassin yenyewe haifuti imeli ya mtu.

Nilipowabana sana saporti wakanitolea ripoti ya imeli moja ya shule, nikaisoma mstari kwa mstari. Jumla yake ilikuwa 5.3. Mwalimu ameandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa zote, ODA YA KEMIKALI HARAKA, na walimu wetu ndivyo wanaandika, ndio uone ni muhimu, filta inaita hiyo SUBJ_ALL_CAPS na inaongeza pointi. Ndani ya imeli hakuna maneno, manake katibu wa shule amepiga oda kwa taipu, mwalimu mkuu ametia sahihi na muhuri, wakaiskani kwa ile mashini ya ofisini ikatuma yenyewe, kwa hivyo imeli ni tupu na kiambatisho kimoja chenye jina la tarakimu ndefu. Filta ikiona imeli tupu na kiambatisho inashuku virusi. Halafu anwani ya IP ya seva ya shule, yaani namba yake ya mtandao, haina jina la kurudi, ukiitafuta hiyo namba haikupi jina la seva, pointi tena. Na hiyo IP iko kwa orodha moja ya wabaya, pointi nyingine. Ukijumlisha hivyo vitu vyote hakuna hata kimoja kinachosema huyu ni tapeli, vyote vinasema hii ni shule ya kawaida ya kijijini isiyo na fundi wa kompyuta, na filta ikaamua kwa pointi kidogo tu juu ya mstari kwamba oda ya pesa nzuri ni takataka.

Kuhusu hiyo orodha ya wabaya wacha nieleze kidogo, juu watu wengi wanalaumu pasipofaa. Ziko orodha za IP zinazotuma spamu, inayojulikana zaidi ni ya Spamhaus, iliyoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998. Wao wanatoa orodha tu. Kuzuia imeli kwa sababu ya orodha ni uamuzi wa seva inayopokea. Shule nyingi zikichukua domeni ya .sc.ke zinawekwa kwa seva moja ya bei ya chini pamoja na mamia ya tovuti zingine, wote mnatumia IP moja. Tovuti moja tu ikiwa na WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ya zamani haijasasishwa ikaingiliwa na wezi, ikaanza kutuma spamu usiku, ile IP inaingia kwa orodha, na asubuhi mwalimu wa kemia ambaye hajui hata WordPress ni nini anakuwa mshukiwa. Ndio maana wataalamu wanatumia orodha kama ushahidi mmoja kati ya mingi. Kuna hata orodha nyingine ya hao hao Spamhaus, inaitwa PBL, ambayo ni ya IP za majumbani na za simu, yaani hizi tunazopata tukiweka bando, na haimshtaki mtu kwa lolote, inasema tu hizi IP hazitakiwi kutuma imeli moja kwa moja kwa seva ya mtu bila kupitia seva halali ya kutuma imeli. Seva isiyopangwa vizuri inachimba ndani ya historia ya imeli, inaona mwalimu aliandika akiwa kwa bando ya simu, inamhesabia pointi, ilhali alipitia seva halali na paswadi yake. Spamhaus wenyewe wanasema orodha hiyo isitumike hivyo.

Na sisi wa kemikali tuna shida ya ziada, majina ya vitu vyetu. Filta zinazotafuta maneno zimezoea kukamata matangazo ya dawa za magendo, sasa wewe kila siku unaandikiana na watu kuhusu asidi, ayodini, ethanoli lita ngapi kwa bei gani. Hii kasoro ya kushika herufi bila kuelewa maana ni ya zamani, mwaka 1996 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, waliwazuia watu wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza kufungua akaunti kwa sababu katikati ya jina la mji mna herufi nne za tusi. Miaka yote hiyo imepita na bado kuna mtu anakuuzia filta inayosoma hivyo.

Tuje kwa ile sehemu inayoniuma zaidi. Hawa jamaa kwa upande wao waliwasha ile kitu ya kufuta spamu yenyewe, auto-delete, kwa akaunti zote, bila kutuuliza. Kwa hivyo imeli ya mwalimu inafika, seva yao inajibu 250, ambayo kwa lugha ya seva ni "nimepokea", mwalimu anaona imeenda, halafu seva inaipeleka kwa filta, filta inasema 5.3, inafutwa. Haiendi folda ya spamu na hairudi kwa mwalimu na ujumbe wa makosa. Ni kama soja wa geti anayepokea barua ya mgeni, anamwambia sawa nitamfikishia, mgeni akigeuka anaitupa kwa pipa.

Na hii sio mimi tu najisikia vibaya, kanuni zenyewe za imeli zinaongea juu ya hili. RFC 5321 ya mwaka 2008, hiyo ndiyo inaeleza seva zinavyoongea, inasema seva ikishajibu 250 imechukua jukumu la kuifikisha hiyo imeli au kutoa taarifa kama imeshindwa, na jukumu hilo lichukuliwe kwa uzito. Inakubali kwamba kuna wakati utatupa kimya kimya, lakini ni pale una uhakika mkubwa sana kwamba ni utapeli mzito. 5.3 kwa mstari wa 5 sio uhakika mkubwa. Kama hutaki imeli, ikatae pale mlangoni kabla hujasema umepokea, kwa jibu la 550, hapo seva ya mwalimu itamletea ujumbe kwamba haijafika na atapiga simu mara moja. Hiyo tu ingeokoa oda zetu, hata wangekuwa wakali mara mbili ya hapo. Mtu aliyekataliwa wazi anatafuta njia nyingine, lakini aliyepokelewa na kutupwa anakaa akikungoja, halafu anaamua umemdharau.

Saporti sasa. Nilifungua tiketi, nikaongea nao kwa chati, nikapiga simu pia. Kijana wa kwanza akaniambia, "Pole sana mama, lakini imeli zako ziko sawa, seva iko juu." Nikamwambia sijauliza kama seva iko juu, nauliza imeli ya mwalimu iko wapi. Akanipandisha kwa fundi. Fundi akasema ni makosa ya wanaotuma, waambie shule zirekebishe SPF na DKIM. Wacha niwe mkweli, ana pointi hapo. SPF ni ile orodha unaweka kwa domeni yako kusema ni seva gani zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni sahihi ya kidijitali kwenye kila imeli, na DMARC inaambia wapokeaji wafanye nini vitu hivyo visipolingana. Kila mwenye domeni aviweke, vinasaidia kweli. Lakini mimi nitampigia kila mwalimu mkuu wa Nyanza na Western nimwambie rekebisha DNS, yaani mipangilio ya domeni yako, ndio nikuuzie bureti? Na hata ukiwa navyo havitoshi, shule nyingine ina imeli ya domeni inayosukumwa kwenda Gmail ya katibu halafu inasukumwa kwetu, na SPF ikisukumwa hivyo kwa kawaida inavunjika hata kama iliwekwa vizuri, juu IP ya mwisho sio ile iliyoandikwa.

Akaniambia tena hata Google wamekaza tangu Februari 2024. Ni kweli walikaza, na Yahoo pia. Lakini zile sheria nzito, kuwa na SPF na DKIM na DMARC zote pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja, ni za wanaotuma imeli 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail. Shule inayotuma oda moja kwa muhula haijafika huko, yake ni SPF au DKIM na mambo machache ya msingi. Na Gmail ikikushuku kwa kawaida inakuweka kwa folda ya Spam na unakaa hapo siku 30 mwenye akaunti akitaka kukutafuta, au inakukataa na kukupa namba ya kosa na maelezo. Kwa hivyo mfano wake mwenyewe unamgeuka.

Kuna geti lingine mbele kabisa ambalo hata halionekani kwa paneli yetu, na hilo linafunga nchi nzima nzima. Hili tulilijua kupitia kwa saplaya wetu wa vioo aliye Ambala, India, mji unaojulikana kwa kutengeneza vifaa vya sayansi. Tulikuwa tunangoja profoma ili tuanze mambo ya mzigo, ikakawia, tukadhani anatupandishia bei. Kumbe yeye anarudishiwa imeli na ujumbe kwa Kiingereza cha seva kwamba eneo lake haliruhusiwi. Angalau hiyo ilirudi, ndio maana tulijua haraka, akatuandikia kwa WhatsApp. Fundi akathibitisha kwamba nchi kadhaa zimefungwa kwa wateja wote "kwa usalama wenu". Usalama gani wa kumfungia nje mtu anayekuuzia stoki yako? Hii imeshajaribiwa na wakubwa ikawaletea aibu, Verizon huko Marekani walifunga imeli kutoka sehemu kubwa ya Ulaya mwishoni mwa 2004 kuingia 2005 wakisema wanapigana na spamu, wateja wakawapeleka kortini, na mwaka 2006 wakakubali kulipa fidia. Biashara ya Kisumu inayoagiza vitu nje haiwezi kukaa na filta inayochukulia India yote kama mtu mmoja mwizi.

Na usidhani ukali huu wote ulitukinga. Katika msimu huo huo ambao shule zinatupwa, inboksi ilipokea imeli safi kabisa, imeandikwa vizuri, ikijifanya ni saplaya mwingine tunayemjua na kutuambia akaunti ya benki imebadilika, tulipe kwa hii mpya. Domeni ilikuwa na herufi moja tofauti. Mhasibu wetu alishtuka kwa sababu hakuna mtu anabadilisha benki bila kupiga simu, akampigia saplaya, ikajulikana. Nikaangalia vichwa vya ile imeli, yale maelezo ya kiufundi yaliyofichwa juu yake, nikakuta SPF imepita, DKIM imepita, DMARC imepita. Na lazima ipite, manake tapeli amenunua domeni yake mwenyewe na kuipanga vizuri kuliko shule yoyote ya huku. Hivi vipimo vinathibitisha imeli imetoka kwa domeni gani, havithibitishi mwenye domeni ni mtu mwaminifu. Kwa hivyo filta inayompima mtu kwa usafi wa mipangilio tu itampitisha mwizi mwenye fundi na kumtupa mwalimu asiye na fundi.

Sisemi filta ziondolewe. Nimeona akaunti isiyo na filta, huwezi kuitumia, imeli ya kazi unaitafuta katikati ya mia za upuuzi. Nataka ifanye kazi yake na kuniachia mimi neno la mwisho.

Mazuri yao niyaseme pia. Seva haijawahi kutuangusha saa za kazi. Kulipia tena ni M-Pesa na risiti inakuja papo hapo. Nafasi ya kuhifadhi inatosha hata na hizi PDF za skani. Saporti wanajibu haraka na hawana maringo, tatizo lao hawana ruhusa ya kubadilisha mambo, kila kitu ni "nitapeleka kwa timu". Na baada ya kusukumana walitufungulia uwezo wa kuona baadhi ya mipangilio kwa cPanel, ile paneli ya kusimamia akaunti ya hosti, ambayo mwanzoni ilikuwa imefichwa.

Hicho walichofungua ndicho kilichosaidia, na kama uko kwa hosti yenye cPanel angalia leo. Nenda sehemu ya Spam Filters, zima Auto-Delete, washa Spam Box ili zinazoshukiwa ziende kwa folda yake badala ya kufutwa. Tulipandisha mstari kutoka 5 hadi 8 na tukaweka domeni za wateja wa kudumu kwa orodha ya kuruhusiwa, moja moja. Usiweke *@gmail.com yote kwa hiyo orodha, nimeona mtu akishauri hivyo, hapo unafungulia kila tapeli anayejua kufungua Gmail, na hata yule anayeighushi tu. Halafu kuna ukurasa unaitwa Track Delivery, unaandika anwani na unaona imeli zilizofika kwa seva zikaishia wapi. Siku nilipoufungua kwa mara ya kwanza nikashuka na kidole nikaona majina ya shule, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila jina imeandikwa imetupwa. Shule ambazo tulikuwa tumeshasema zimetuhama. Niliita bosi aje aone mwenyewe.

Tangu tubadilishe, folda ya spamu ina vitu, na ndivyo inavyotakiwa. Asubuhi kabla ya chai naipitia, matangazo mengi ni ya uongo nayafuta, na kila mara kati yake kuna oda au ombi la kwotesheni la mtu wa kweli. Ni kazi ya dakika chache. Lile geti la mbele la kufunga nchi bado hatuna ruhusa nalo, walimruhusu yule wa Ambala peke yake baada ya tiketi ndefu, saplaya mpya akitoka huko itabidi tuombe tena.

Nani inamfaa hii huduma? Kama una blogu, kanisa, chama kidogo, na imeli zako zinatoka kwa watu wale wale kila siku, chukua tu, bei ni nzuri. Kama wateja wako ni wageni wanaokuandikia mara ya kwanza, shule, zahanati, vikundi vya wakulima, wazee wa bodi wanaotumia simu ya mjukuu, au unaagiza vitu nje ya nchi, usilipe kabla hujawauliza kwa maandishi kama spamu inafutwa au inawekwa folda, kama ninaweza kuzima kufuta mimi mwenyewe, kama kuna nchi mmefunga na ni zipi, na kama mkikataa imeli anayetuma anaambiwa. Wakijibu kwa maneno ya "teknolojia ya kisasa ya ulinzi" bila kujibu maswali, tafuta wengine. Na hata ukishanunua, mwombe rafiki akutumie imeli kwa herufi kubwa, yenye skani na bila maneno ndani, akiwa kwa bando ya simu, uone itaishia wapi kabla mteja hajakuwa wa kwanza kuijaribu.

Tiketi yangu ya kuomba auto-delete izimwe kwa wateja wote na geti la nchi liwekwe mikononi mwa mwenye akaunti bado iko wazi. Wakifanya hivyo narudi hapa kuongeza nyota, hata mbili. Wasipofanya, tukifika mwisho wa mwaka tuliolipia tunahama kabla shule hazijaanza kuagiza za praktiko.